Tuta Lisilo na Reli

Ukiacha reli fupi za gatini Musoma, zilizowekwa kwa ajili ya meli za kubeba mabehewa, mkoa wa Mara haujawahi kuwa na njia ya treni. Reli iliyotoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikaishia hapo. Pamba ya Bunda, ng'ombe, barua na wanafunzi, vyote na wote walipita ziwani au barabarani. Julius Nyerere alipokwenda kusoma Tabora mwaka 1937, treni ya karibu kuliko zote ilikuwa Mwanza, ng'ambo ya Ghuba ya Speke. Miaka mitatu kabla ya hapo, alipoanza shule Mwisenge akiwa na umri wa miaka 12, hakukuwa na basi la kumtoa Butiama hadi Musoma. Ni zaidi ya kilometa 40, na mwendo wake ulikuwa wa miguu.

Kwa nini basi msomaji wa Butiama, Bunda au Musoma ajishughulishe na reli za zamani zilizogeuka njia za miguu? Sababu ya kwanza ni kwamba reli huenda ikatufikia. Mpango wa kuunganisha Tanga, Arusha na Musoma umezungumzwa kwa miaka mingi, ukiwa na shabaha ya kuifikia Uganda kupitia ziwa. Sababu ya pili, ambayo kwangu mimi mpima ardhi ndiyo nzito zaidi, ni kwamba reli zilizokufa nchini mwetu zinatufundisha jambo ambalo barabara haziwezi kutufundisha: jinsi ukanda wa ardhi ya umma unavyozaliwa, unavyodumu, na unavyopotea. Thamani ya reli ya zamani haiko kwenye chuma. Chuma hung'olewa kikauzwa. Kinachobaki, kama kuna mtu wa kukilinda, ni mstari mmoja mrefu usiokatika, uliosawazishwa kwa jasho la watu, usio na milima ya ghafla wala mabonde ya ghafla. Ukikatika mahali pawili au patatu, hakuna fedha ya halmashauri itakayouunganisha tena.

Twende kwanza Sigi.

Safu ya Usambara Mashariki iko nyuma ya Muheza, mkoani Tanga. Wajerumani walianza kujenga reli yao ya kwanza katika nchi hii kutoka Tanga mwaka 1893, wakafika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Kwenye njia hiyo, pale Tengeni karibu na Muheza, kulichepuka reli nyembamba ya milimita 750 iliyoingia milimani hadi Sigi, mwendo wa kilometa 23 hivi. Ujenzi wake ulianza mwaka 1904 na ukamalizika mwaka 1910. Kazi yake kubwa ilikuwa kuteremsha mbao za msituni na mazao ya mashamba ya wazungu. Juu zaidi, Amani, Wajerumani walikuwa wameanzisha mwaka 1902 taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo, pamoja na bustani ya miti iliyoletwa kutoka pande zote za dunia, mkwinini ukiwa mmojawapo.

Reli ile haikuishi muda mrefu. Lakini kituo chake bado kipo. Nyumba ya msimamizi wa stesheni ya Sigi imekarabatiwa na ni kituo cha taarifa kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 na inayosimamiwa leo na Wakala wa Huduma za Misitu. Mgeni anayekwenda kutazama vipepeo, ndege, au yale maua madogo ya zambarau ambayo ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwao na yakawa pambo la madirisha ya nusu ya dunia, analipia kiingilio mahali ambapo zamani magogo yalipakiwa kwenye mabehewa. Njia za kutembea msituni zinaanzia hapo.

Angalia ramani ya urefu wa eneo lile utaelewa kwa nini stesheni ya mwisho iliwekwa pale. Sigi iko mita 450 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka Tengeni, reli ilitumia kilometa 23 zote kupanda mita mia mbili na ushei. Kutoka Sigi kwenda Amani ni kilometa saba tu za barabara, lakini ndani ya hizo saba unapanda zaidi ya mita 400. Garimoshi halikuthubutu. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina mshiko mdogo sana, ndiyo maana reli nyingi za zamani zilijengwa kwa mwinuko usiozidi mita mbili hivi kwa kila mita mia moja za mwendo. Mlima ukikataa, mhandisi ana njia tatu: kuuzunguka kwa kona pana, kuukata katikati, au kujaza bonde tuta.

Hizo njia tatu ndizo zinazomfanya mtembeaji wa leo aitambue reli ya zamani hata kama hakuna taruma moja lililobaki. Unatembea kwenye kichaka cha kawaida, mara unagundua kwamba miguu imeacha kulalamika. Ardhi iliyo upande wako wa kulia inapanda kwa kasi, ya kushoto inaporomoka, ila wewe uko kwenye ubapa wa upana wa mita tatu hivi unaopinda taratibu pamoja na mlima. Mbele kidogo, kuta mbili za udongo mwekundu zinasimama kila upande zikiwa zimejaa ukungu wa kijani na majani ya jimbi, na chini yake kuna mfereji uliozibwa na majani makavu. Huo ni mkato. Ukitoka kwenye mkato unajikuta juu ya tuta, ukitazama vilele vya miti iliyoota bondeni. Chimba kidogo kwa ncha ya kiatu utakuta kokoto zenye kingo kali, za ukubwa unaokaribiana, mahali ambapo mto haukuwahi kuleta mawe. Ukishaziona dalili hizo nne pamoja huwezi tena kudanganyika: hapa treni ilipita.

Jambo la kujifunza hapo ni la kiufundi, na nitalikazia kwa sababu wengi hulipita haraka. Kilichoua matuta mengi ya zamani ni maji. Msitu peke yake haukuyaua. Wahandisi wa reli walijua kwamba tuta lisilo na kalavati ni bwawa linalosubiri kupasuka, hivyo kila kijito kilipewa tundu la kupitia na kila mkato ukapewa mfereji. Treni zinapoacha kupita, genge la kusafisha mifereji nalo huondoka. Kalavati moja huziba kwa majani na matope, maji yanapanda nyuma ya tuta, na siku ya mvua kubwa kipande cha mita kumi huenda na maji. Tangu siku hiyo njia ile si njia tena, ni vipande viwili. Yeyote anayetaka kuigeuza reli ya zamani kuwa njia ya miguu aanze na jembe na koleo kwenye kalavati. Mabango na ramani zenye rangi vije baadaye.

Mtu anayetembea pale anapaswa pia kuambiwa nani alijenga. Reli na mashamba ya mkonge ya Tanga viliinuliwa kwa nguvu za vibarua waliotoka mbali, Wanyamwezi na majirani zetu Wasukuma wakiwa miongoni mwao kwa wingi. Walilipwa kidogo na wengi walirudi makwao wakiwa wagonjwa, au hawakurudi. Nikiandika maandishi ya kibao cha Sigi, ningeanza na wao kabla ya kumtaja meneja yeyote wa kampuni ya mbao.

Sigi imenusurika kwa bahati ya mahali: sehemu yake ya juu iko ukingoni mwa msitu ambao serikali zote, ya Kijerumani, ya Kiingereza na yetu, ziliuona kuwa wa kulindwa. Reli nyingine hazikupata bahati hiyo.

Unguja ilikuwa na reli mwaka 1905. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney & Co. iliijenga kutoka Ngome Kongwe mjini hadi Bububu, mwendo wa maili saba hivi. Ilipenya katikati ya nyumba za mji, karibu na milango ya watu, ikabeba abiria hadi mwaka 1922, na baada ya hapo ikatumika kubebea mawe kabla haijang'olewa. Ukanda wake ulikuwa mzuri mno kuachwa wazi, na katika kisiwa chenye ardhi finyu hakukuwa na msitu wa kuuficha. Barabara ya magari iliufuata na kuumeza. Leo abiria wa daladala ya Bububu anapita kwenye njia ambayo babu wa babu yake alipita akiwa ndani ya behewa, na mtembea kwa miguu amebanwa pembeni pamoja na baiskeli na mikokoteni. Sitetei kwamba ingefaa pasiwe na barabara. Ninachosema ni kwamba ukanda ule ulipopata kazi mpya, aliyekuwa na injini ndiye aliyepewa wote.

Kusini ni kisa kingine, na ni kisa kichungu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilikuja na mradi wa karanga: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli nzima, kwanza kutoka Mkwaya kwenye mlango wa maji wa Lindi mwaka 1949, kisha kutoka bandari mpya ya kina kirefu ya Mtwara. Mwaka 1951 mradi wa karanga ulikuwa umekwisha kufa. Reli ilibaki ikitafuta mzigo, ikaongezwa hadi Masasi, na mwaka 1962 ikafungwa. Reli zenyewe zikang'olewa. Kilichobaki ni zaidi ya kilometa mia mbili za ukanda uliosawazishwa, kutoka Bahari ya Hindi hadi bara, ukipita kwenye nchi ya mikorosho, mibuyu na vilima vya mawe vya Masasi. Nchi nyingine ingeuona ukanda huo kuwa hazina. Kwetu hakuna aliyepewa jukumu nao. Sehemu moja ikawa barabara, nyingine shamba, nyingine uwanja wa nyumba, nyingine ikarudi porini. Siwalaumu waliolima, maana ardhi iliyoachwa bila mwenyewe anayeonekana hulimwa, na mkulima wa Lindi alikuwa na haki zaidi ya kuitumia kuliko kumbukumbu ya karanga. Lakini leo ukitaka kutembea kwa miguu, au kupitisha bomba, au kurudisha reli, unaanza upya na daftari la fidia.

Linganisha na njia ya kaskazini, ambayo wengi tuliihesabu maiti. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam, Moshi na Arusha ilikaa bila kusafiri kwa takriban miaka 30. Majani yaliota katikati ya mataruma, watoto wa shule walitembea juu yake, akina mama waliweka meza za nyanya kando yake, na penginepo kuta za nyumba ziliikaribia reli mno. Hata hivyo ukanda haukufutwa katika ramani. Eneo la hifadhi ya reli, ambalo Shirika la Reli limekuwa likilitangaza kuwa mita 15 kila upande mijini na mita 30 vijijini, lilibaki mali ya umma kisheria. Ndiyo maana treni iliweza kurudi Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha Oktoba 2020. Kurudi huko kulikuwa na maumivu: alama nyekundu za X kutani, meza zilizovunjwa, watu waliohama wakisema hawakuambiwa mapema. Sehemu kubwa ya maumivu hayo ingeepukika kama katika ile miaka 30 ukanda ungekuwa na matumizi halali yanayojulikana, kwa mfano njia ya miguu na baiskeli iliyosafishwa na kusimamiwa na vijiji vyenyewe. Mahali panapotumiwa na kila mtu kila siku hapajengwi nyumba kwa siri.

Marekani waliligundua hilo mapema na wakalitungia sheria. Katika jimbo la Wisconsin, kipande cha reli ya Chicago and North Western kilichoachwa kati ya miji midogo ya Elroy na Sparta kilinunuliwa na serikali ya jimbo na kufunguliwa mwaka 1967 kuwa njia ya miguu na baiskeli. Ni kilometa 51 hivi, na inapita katika mahandaki matatu. Katika lile refu, lenye urefu unaozidi kilometa moja, msafiri hushuka kwenye baiskeli akawasha tochi. Mwaka 1983 bunge lao likapitisha kifungu kinachoruhusu reli isiyotumika igeuzwe njia ya miguu bila ukanda wake kugawanywa na kurudishwa kwa wenye mashamba jirani, kwa sharti kwamba siku treni ikihitajika tena, njia itaipisha. Hapo ndipo penye busara: mtembea kwa miguu anakuwa mlinzi wa ukanda kwa niaba ya treni ya kesho. Leo wana zaidi ya kilometa 35,000 za njia kama hizo. Hispania walianza mpango wao mwaka 1993, nao wamepita kilometa 3,000.

Siyachukui yote ya kwao. New York waligeuza reli ya juu ya nguzo kuwa bustani ya kutembelea, sehemu yake ya kwanza ikafunguliwa mwaka 2009, na thamani ya nyumba za jirani ikapanda kiasi kwamba wakazi wa kipato cha chini walianza kuona mtaa wao ukiwaponyoka. Njia nzuri ya kutembea ni mali, na mali huvuta wenye nguvu. Halmashauri yoyote ya kwetu itakayoiga wazo hili ijiulize kwanza ni nani atakayelala karibu na njia hiyo baada ya miaka kumi.

Sasa turudi Mara, na turudi kwa mtembeaji halisi. Watu wakisikia maneno "njia ya kutembelea" wanamfikiria mtalii mwenye kofia pana na chupa ya maji. Mimi namfikiria mfanyabiashara wa dagaa anayetoka upande wa ziwa na gunia limefungwa nyuma ya baiskeli. Mtazame kwenye mlima wowote wa barabara ya vumbi wilayani Butiama. Anafika chini ya mwinuko, anashuka, anashika usukani kwa mkono mmoja na tandiko kwa mwingine, anasukuma huku kifua kimelala juu ya gunia, viatu vikiteleza kwenye changarawe. Juu anapumzika, kisha anateremka akiwa ameshika breki mbili ambazo mojawapo haifanyi kazi. Njia zetu za kijiji zilichorwa na ng'ombe na haraka za watu: zinapanda mlima moja kwa moja, kwa mwinuko wa mita kumi au kumi na tano kwa kila mia, na mvua ya masika ikija zinageuka korongo. Mwinuko wa reli, mita mbili kwa mia, maana yake ni kwamba mtu yule hashuki kwenye baiskeli kabisa. Mwanafunzi anafika shuleni bila kuloa jasho. Mama mwenye toroli la maji anasukuma badala ya kuinua. Kiti cha magurudumu kinapita.

Kwa hiyo hata tusipokuwa na reli iliyokufa, tunaweza kuazima kipimo chake. Na Butiama ina sababu ya kuanza ambayo hakuna mji mwingine nchini ulio nayo.

Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliondoka Butiama kwa miguu kwenda Mwanza, kwenye mkutano mkuu wa TANU. Ni maili 138, yaani kilometa 220 hivi. Vijana wengi nchini walikuwa wakitembea mwaka huo kuunga mkono Azimio, na Rais akatembea nao. Ni mwaka uleule ambao Elroy na Sparta walifungua njia yao. Wao walikuwa na tuta lililokwisha kujengwa wakatafuta watembeaji. Sisi tulikuwa na watembeaji, akiwamo mkuu wa nchi, na hatukuwawekea njia.

Uelekeo wa safari ile unajulikana na kila dereva wa basi: kushuka kutoka Butiama hadi barabara kuu ya Sirari na Mwanza pale Makutano, kusini kupitia Kiabakari na Bunda, kisha Lamadi ambako uwanda wa Serengeti unakaribia ziwa na lango la Ndabaka liko kando ya barabara, halafu Magu, Kisesa na Mwanza. Ni nchi nzuri kwa miguu kuliko inavyoonekana dirishani. Upande wa Butiama unaanza na mawe makubwa ya matale yaliyobebana, miti imeng'ang'ania katikati yake. Bunda inakupa mlima upande mmoja na uwazi wa ghuba upande mwingine. Baada ya hapo mito ya Rubana na Mbalageti inavuka njia ikitoka Serengeti kwenda ziwani. Ng'ombe, nyati, wavuvi na mashamba ya pamba vinaishi karibu karibu kwa namna ambayo mgeni haamini mpaka aione.

Ila leo mtu anayeifuata njia ile anatembea kwenye bega la lami, malori ya Sirari yakimpita kwa upepo unaoyumbisha mwili. Hiyo si njia ya kumpeleka mtoto wa darasa la tano kwenye somo la historia.

Ardhi ya kurekebisha hilo ipo tayari. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipa barabara kuu hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, badala ya mita 22.5 za zamani. Lami na mabega yake havimalizi hata nusu ya hizo. Katika sehemu kubwa kati ya Makutano na Bunda, mita zilizobaki ni nyasi, mitaro na njia ndogo ambazo watu wamejitengenezea wenyewe. Njia ya miguu na baiskeli ya upana wa mita tatu, iliyotengwa na lami kwa mtaro na mstari wa miti, iliyopewa mwinuko wa kistaarabu kwa kukata na kujaza pale inapobidi, inakaa humo bila kumhamisha mtu hata mmoja aliye nje ya hifadhi. Kwa wale walio ndani, hasa wafanyabiashara wadogo kwenye vituo vya mabasi, njia ipinde kuwafuata, kwa sababu mtembeaji ni mteja wao.

Kipande cha Butiama hadi Makutano kinahitaji fikra zaidi, kwa sababu hapo ardhi ni ya vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaweka mamlaka mikononi mwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, na chombo cha kutumia ni mpango wa matumizi bora ya ardhi. Humo ndimo njia inapaswa kuandikwa kwa upana, kwa bikoni na kwa jina. Nimeona mipango mingi ya vijiji yenye rangi nzuri za malisho, makazi na kilimo, na njia ya miguu haimo, kana kwamba watu wanaruka kutoka nyumbani hadi shambani. Isipochorwa, mwenye shamba la kwanza atasogeza ua mita moja, wa pili mita mbili, na katika kizazi kimoja njia itakuwa imekwisha, kama ilivyokwisha kule Nachingwea.

Kuhusu reli yenyewe, ile ya Tanga, Arusha na Musoma, nina jambo moja la kuomba na onyo moja la kutoa. Onyo ni kuhusu Serengeti. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia ujenzi wa barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa hifadhi ile, kwa sababu ya njia ya nyumbu na wanyama wengine wanaohama. Reli haitapata ruhusa rahisi zaidi, wala haistahili kuipata. Mtu yeyote anayeahidi treni Musoma na hasemi itapita wapi, hajasema kitu. Ombi langu ni kwamba siku wapimaji watakapopita kweli na bikoni zao wilayani Butiama na Musoma, ukanda utwaliwe ukiwa na nafasi ya njia ya miguu tangu mwanzo, nje ya uzio wa treni, ikiwa na vivuko vyake chini ya tuta. Gharama ya mita tatu za ziada siku ya kulipa fidia ya kwanza ni ndogo sana ukilinganisha na kuzitafuta baada ya miaka 20, nyumba zikiwa zimesimama. Na treni ikichelewa kuja, kama zinavyochelewa treni nyingi zilizoahidiwa katika nchi hii, njia ya miguu itaushika ukanda huo wazi na safi.

Butiama tayari inapokea wageni. Makumbusho ya Mwalimu yalifunguliwa mwaka 1999, kaburi lake liko Mwitongo, na msitu wa Muhunda bado unaheshimiwa na wazee wa Kizanaki. Mgeni anakuja kwa gari, anakaa saa mbili, anaondoka kwenda kulala Musoma au Serengeti. Mtu aliyekuja kutembea hukaa tofauti. Anahitaji ugali wa mchana Kiabakari, kitanda Bunda, fundi wa baiskeli Lamadi, na mtu wa kumwelekeza kila mahali njia inapogawanyika. Fedha yake inadondoka kidogo kidogo kwenye mikono mingi badala ya kumalizikia kwenye geti moja.

Kipande cha kwanza kiwe kifupi: kutoka Mwitongo hadi Makutano, kilometa 15 hivi. Kazi ya awali ni ya wapimaji wawili, darubini ya kupimia usawa, vijana wa vijijini wa kushika nguzo na kufyeka mstari, na mikutano mikuu ya vijiji vinavyopitiwa. Wapimaji watafute mstari usiozidi mita tatu kwa mia, hata kama utazunguka vilima na kurefusha safari kwa kilometa mbili. Waweke alama ya kila kalavati kabla ya kuchimba kitu chochote. Kisha mstari huo uingizwe kwenye mipango ya ardhi ya vijiji na upigwe mihuri, ndipo ijulikane ni fedha kiasi gani ya kuomba na kwa nani.